Sindano Kwenye Mstari Mwekundu

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kile kidole chako cha mkono wa kushoto kimeacha kuvimba. Presha ya mama inaendeleaje? Mwambie ninakula vizuri, asianze kunitumia watu waje kunitazama. Mwili hauna neno. Moyo ndio hautulii, na sababu yake nakueleza wewe peke yako. Simu sipigi, chumba ninachopanga kina kuta nyembamba, na jirani yangu ni karani mwenzangu.

Unakumbuka nilipopata hii kazi katika jopo la kusikiliza rekodi za muziki, ukacheka ukasema, "Bwana Mwandiko kapata pa kuandikia"? Basi, juzi Katibu wetu aliniletea bahasha mbili. Shirika la utangazaji haliwezi tena kulisha okestra mbili. Kila moja imerekodi simfonia ileile. Majaji watatu watazisikiliza bila kujua ipi ya nani, na itakayoshindwa itavunjwa. Kazi yangu ni kuondoa majina, kuandika "Ya Kwanza" na "Ya Pili", kuziweka kwenye mashine, kisha kuandika watakayosema. Nikafungua bahasha ya pili. Jina la okestra yenu.

Dada, kwa nini hukuniambia? Na mimi, kwa nini sikusema? Nilipoajiriwa nilitia sahihi kwamba ndugu yangu akitokea katika rekodi yoyote, nitasema siku hiyohiyo. Katibu alikuwa amesimama mbele yangu. Akaniuliza, "Karani, mbona unapepesa macho?" Nikajibu, "Vumbi, mzee." Vumbi! Chumba chenyewe kimefunikwa zulia mpaka ukutani. Na siku ikapita.

Leo wamesikiliza. Mwenyekiti, ambaye zamani alikuwa mwongozaji wa okestra, alifumba macho tangu mwanzo. Profesa alikuwa na nota mapajani. Wa tatu ni mama aliyepuliza zumari miaka mingi. Sisi makarani tunamwita Mama Zumari. Wanatoa alama za aina mbili: za uchezaji, na za sauti ya rekodi yenyewe. Ya Kwanza wakasema ina mwili, ina joto, unahisi umekaa safu ya mbele. Ilipoanza ya kwenu, Profesa akainua kichwa. "Hawa wako wapi? Wamekaa chumba cha jirani?" Mama Zumari akasema mnacheza kama watu wanaosikilizana, ila ni kama anawasikia kupitia blanketi. Kwenye uchezaji mmewazidi wenzenu. Kwenye sauti mmeanguka vibaya, na ukijumlisha, mmeshindwa. Wanatia sahihi Ijumaa ya wiki ijayo.

Sikupaswa kukuandikia haya. Ichome barua hii, tafadhali.

Mdogo wako


Alhamisi, tarehe 6 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua nimeichoma kwenye jiko, nusura na pazia liondoke nayo. Mama hajambo, kidole hakijambo, na wewe acha kutetemeka kabla sijakufikia huko.

Sikukuambia kwa sababu nakujua. Ungekonda. Ungeandika barua ya kuacha kazi kwa mwandiko mzuri kuliko wote duniani, kisha ungerudi hapa kunikalia sebuleni na kunisikiliza nikifanya mazoezi, huku unahema.

Lakini hilo la sauti limenichanganya. Mbali? Kupitia blanketi? Fundi sauti wetu alitega maikrofoni karibu mno, hivi kwamba nilikuwa naona haya hata kumeza mate. Tulipoisikiliza ukumbini baada ya kurekodi, sauti ilijaa mpaka kwenye mapazia. Kuna pigo moja la ngoma kubwa katika sehemu ya tatu. Mpiga ngoma wetu, yule tunayemwita Tembo, alilipiga kwa hasira zote alizonazo na ulimwengu. Fundi aliruka kitini. Mwongozaji akasema, "Liacheni. Rekodi nzima hakuna pigo lingine kama hilo." Sasa watu wa namna hiyo unawaita wa chumba cha jirani?

Sijamwambia mtu. Hapa kila mmoja anamtazama mwenzake kama anamuaga. Mpiga fidla wa pembeni yangu ana watoto wachanga wawili na mume asiye na kazi. Leo alikuwa anapangusa fidla yake muda mrefu kuliko alivyoipiga.

Wewe lakini nyamaza. Nasema kama dada yako. Ukifungua mdomo utamwaga unga, na wao watasema nimekutuma. Funga mdomo, andika, nenda nyumbani.

Dada yako


Jumatatu, tarehe 10 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila usingizi umenikimbia. Nawaombea afya wewe na mama, kisha naomba unisome taratibu, kwa sababu kilichowaangusha ni ile ngoma ya Tembo.

Rekodi hazifanani kwa ukubwa wa sauti, kwa hiyo kabla ya majaji kuingia mimi huzipima. Kwenye mashine kuna kipimo chenye sindano. Agizo la ofisi, aliloliandika Katibu mwenyewe, linasema: tafuta mahali penye sauti kubwa kuliko pote, kisha punguza au ongeza mpaka sindano ifike mstari mwekundu, isiuvuke. Nikafanya hivyo kwa zote mbili. Wale wenzenu hawana pigo la ajabu. Sauti yao kubwa kuliko zote haiko mbali na ile ya kawaida, kwa hiyo yote ilipanda pamoja. Ninyi mna Tembo. Ili pigo lake moja lisivuke mstari, niliwashusha nyote. Fidla, filimbi, wewe na chelo yako, hiyo fidla kubwa ya kubana kwa magoti, simfonia nzima mkakaa chini kwa ajili ya kishindo kimoja.

Leo wakati wa chakula chumba kilikuwa kitupu. Nilifunga mlango, nikaacha kulifuata lile pigo, nikalinganisha rekodi zote mbili mahali pa utulivu ambapo fidla zinaimba peke yake. Dada, mkaja. Mliingia chumbani mkakaa. Chelo zenu zilikuwa na mbao, na pumzi, na uzito. Nilizima haraka kama mwizi.

Halafu nikafanya ujinga. Nilipompelekea Mama Zumari chai nikamwuliza kama mtu asiye na nia yoyote, "Mama, hivi sauti ikiwa juu kidogo tu, muziki huonekana bora?"

Akacheka. "Mwanangu, hata mume wangu akipaza sauti huonekana ana akili. Kwa muda mfupi."

Katibu alikuwa mlangoni. "Karani," akasema, "hapa umeajiriwa kwa ajili ya kalamu."

Sasa angalia nilipo. Nikisema, namwambia Katibu kwamba agizo lake ni bovu, mbele ya Mwenyekiti. Wataniuliza kwa nini nimeihangaikia rekodi hii na si ile. Hapo itabidi niseme kuhusu wewe, na baada ya hapo nani ataamini kwamba sindano ni sindano? Nikinyamaza, mtavunjwa, na aliyewavunja ni huu mkono wangu.

Niambie nifanye nini. Nitasubiri jibu lako mpaka Alhamisi. Ijumaa saa nne wanatia sahihi.

Mdogo wako


Alhamisi, tarehe 13 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Hamjambo huko? Tarishi wa barua amepita asubuhi na mchana, sikuwa na kitu. Nilimwuliza mara ya pili akanitania, "Bwana mdogo, huyo binti atakuandikia, tulia." Nikacheka naye.

Labda umekasirika. Labda umeamua kunyamaza ili nami ninyamaze. Sijui, na siwezi kungoja zaidi.

Kesho kabla hawajashika kalamu nitasema. Yote, pamoja na habari yako. Nitawaomba wasikilize upya, sauti zikiwa zimelingana. Nimeyaandika maneno yangu kwenye karatasi nisije nikabanwa na kigugumizi, nimeyafuta, nimeyaandika tena. Yamebaki manne au matano ya maana.

Usimwambie mama mpaka tujue yameishaje.

Mdogo wako


Jumatano, tarehe 12 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Salamu nyingine tutapeana baadaye. Natumaini barua hii itakuwahi.

Usiombe wasikilize tena.

Najua ninachokisema, na najua inavyosikika. Juzi nilikuambia unyamaze kwa ajili yako. Leo nakuambia unyamaze kwa ajili yangu. Katika sehemu ya nne, baada ya fidla kufifia, chelo huingia polepole mno, zote pamoja, kama mlango unaofunguliwa na mtu asiyetaka kuamsha watoto. Mimi ndiye kiongozi wa chelo; wenzangu wanaingia kwa kutazama upinde wangu. Nilitangulia. Nilihesabu vibaya, mimi niliyefundisha watu kuhesabu, nikaingia peke yangu, wazi kabisa, kabla ya wote.

Muda wa kukodi ukumbi ulikuwa umekwisha, walinzi wanazima taa. Mwongozaji alinitazama, akatazama saa, akasema, "Ni sauti ndogo sana, hakuna atakayeisikia." Fundi akainamisha kichwa. Tukafunga ala zetu.

Mahali penyewe ni pa sauti ya chini. Kwa jinsi ulivyotushusha, hakuna aliyenisikia kweli. Ukitupandisha, watanisikia kama mtu aliyeangusha sahani msibani. Hapo tutapoteza hata zile alama za uchezaji, ambazo ndizo pekee tulizonazo, na wewe utakuwa umepoteza kazi bure.

Acha ilivyo. Tukivunjwa, tuvunjwe kwa sababu ya sauti mbaya, si kwa sababu yangu. Niachie hilo.

Dada yako


Jumapili, tarehe 16 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe kumi na mbili imefika jana, Jumamosi. Nilikuwa nimekwisha kusema.

Nitakueleza kama ilivyokuwa, kisha unikasirikie unavyotaka.

Nilisimama. Karatasi yangu nikaikunja nikaitia mfukoni. Nikasema kuhusu sindano, kuhusu pigo la ngoma, kuhusu agizo. Katibu akasema, "Huyu kijana ana homa." Mwenyekiti akaniuliza nimeligunduaje. Nikasema, "Dada yangu anapiga chelo humo." Profesa akafunga nota zake, pa! Mama Zumari alinitazama jinsi mama anavyokutazama ukivunja kitu cha watu.

Katibu alitaka watie sahihi papo hapo, mimi nifukuzwe, mambo yaishe. Mwenyekiti akasema, "Kijana amekosa, na atatoka. Lakini mimi sitii sahihi kitu nilichokisikia kupitia blanketi." Wakaniondoa. Wakamwita fundi wa studio ya chini, asiyejua lolote, wakamwambia alinganishe sauti za rekodi hizo mbili kwa masikio yake.

Nilikaa korido kwenye benchi la wageni. Mlango ule ni mzito lakini muziki ulipita. Niliwasikia mkiingia, nikasikia Profesa akisema, "Ahaa!" Nikaficha uso nikacheka peke yangu. Ilipofika sehemu ya nne, fidla zikafifia. Kisha mashine ikasimama. Ikarudishwa nyuma. Ikapiga kidogo, ikasimama palepale. Ikarudishwa tena. Mara tatu, dada, na mimi kwenye benchi nikawaza, wameipenda mno, wanaionja.

Jana niliposoma barua yako ndipo nilipojua walichokuwa wanakionja.

Mama Zumari alitoka kwenda kunywa maji. Nikasimama. Alinishika bega akaniambia, "Nenda nyumbani, mwanangu. Usingoje." Katibu akachukua ufunguo wangu wa chumba cha mashine. Kwa sasa nimesimamishwa. Barua ya kufukuzwa itafuata, na nadhani itachapwa na yule jirani yangu.

Matokeo siyajui. Utayajua wewe kabla yangu. Niandikie, hata kama ni matusi.

Mdogo wako


Jumanne, tarehe 2 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima, mama anakusalimu, na tayari ameanza kutafuta mtu wa kumtuma huko. Nimechelewa kukujibu kwa makusudi. Nilianza barua mbili, zote zilikuwa na maneno ambayo ungeyakumbuka mpaka uzeeni, nikazipeleka jikoni kule ilikokwenda ya kwanza.

Tumebaki. Tangazo lilibandikwa mlangoni pa ukumbi: tumeponea chupuchupu. Tembo alimbeba mwongozaji begani akamzungusha jukwaani, yule mpiga fidla wa pembeni yangu akakaa chini sakafuni akalia. Nami nilipiga makofi. Kisha mwongozaji akatusomea maoni ya jopo. Sauti, wamesema, ni ya kupigiwa mfano. Uchezaji, wamepunguza: "Chelo ya mbele imewatangulia wenzake mahali ambapo palihitaji kuaminiana." Wote tukatazama viatu vyetu. Maneno hayo yamo sasa katika kila chumba cha mazoezi, hata wapiga matarumbeta wanayajua.

Tangu wiki iliyopita nakaa kiti cha nyuma kabisa. Kile cha mbele amepewa msichana niliyemfundisha kushika upinde. Anahesabu vizuri. Wiki mbili nilikuchukia, nakuambia ukweli. Nilikuwa nikikaa pale nyuma nakuona wewe na kipimo chako. Sasa imepungua. Njoo nyumbani, kazi utapata nyingine, chumba chako kipo, na mimi sitakutazama vibaya zaidi ya siku ya kwanza.

Kuna jambo moja. Jana walikuja watu wa ile okestra nyingine, iliyovunjwa, kuchukua stendi zao za nota, maana tulikuwa tunatumia stoo moja. Alikuwepo dada mmoja wa makamo yangu, kiongozi wa chelo zao. Aliniona nimekaa nyuma, akaja.

"Ni wewe uliyetangulia?"

Nikasema, "Ni mimi."

Akatikisa kichwa, hakuwa na ubaya hata kidogo. "Sisi tuliirekodi sehemu ile mpaka usiku," akasema. "Hatukukosea hata mahali pamoja."

Akabeba stendi zake akatoka. Mimi nilibaki nimeshika upinde. Wewe unayejua kupanga maneno, niandikie ningemwambia nini.

Dada yako