Swali la Nne

Baba yangu,

Shikamoo. Naanza kwa kukuuliza macho, maana ukiulizwa hali utajibu nzuri hata kama umelala kifudifudi. Je, ile dawa ya matone bado unaitia asubuhi na jioni, au umeshajiamulia kwamba mara moja inatosha? Na mguu? Shangazi aliniambia kwamba siku hizi unapanda ngazi za barazani bila kushika ukuta ili wapita njia wakuone. Mwambie nilimsikia, na wewe nilikusikia ukimkanya kwa nyuma. Mimi ni mzima. Kikohozi kimekwisha, na paa halivuji tena tangu fundi aliporudi mara ya tatu.

Najua utashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Simu yenu ni mali ya mtaa mzima, Baba. Shangazi huiweka mezani kwa sauti ya juu, na kila aliyekuja kuazima pasi huvuta kigoda akasikiliza. Haya nataka uyasome peke yako, ukiwa umekaa. Pamoja na barua hii kuna kifurushi kilichofungwa kwa gazeti. Ni kile kitabu cha historia cha darasa la sita. Nakuomba usikifungue mpaka umalize kunisoma.

Unakumbuka nilivyokuja likizo mwaka jana nikakuambia kwamba ofisini kwetu tunaandaa kitabu kipya, na kwamba ukurasa wa sabini na nne una mistari tisa juu ya siku ile ya darajani. Ulifuta miwani ambayo haikuwa na vumbi, kisha ukaniuliza herufi zake zina ukubwa gani. Nilicheka. Mtu aliyepanga herufi kwenye kiwanda cha chapa miaka thelathini hawezi kuuliza jambo lingine kwanza. Siku ya pili nikakuta umesogeza vitabu kwenye rafu, umeacha nafasi pembeni ya picha ya mdogo wangu. Tangu hapo kila barua yako inaishia na swali moja, na kila barua yangu inajibu kwamba karatasi zimechelewa bandarini. Karatasi hazikuchelewa, Baba. Kitabu kimetoka miezi miwili iliyopita.

Niache niyaandike hata yale unayoyajua kuliko mimi, kwa sababu mwaka huu nimeona jinsi jambo linavyofutika likikosa wa kuliandika. Miaka kumi na mitatu iliyopita wanafunzi wa chuo na wafanyakazi wa viwandani waliandamana, na walipofika katikati ya daraja wakapigwa risasi. Serikali ilisema wamekufa watu kumi na mmoja, kisha haikusema tena. Mdogo wangu hakufa siku ile. Yule tuliyemwita Haraka, aliyezaliwa kabla ya miezi yake, aliyekula amesimama na kuoga kama anayekimbiza basi, kufa tu ndiko kulikomchukua siku nne. Alipokata roho pale hospitalini, hesabu ilikuwa imeshafungwa. Wewe ulienda ofisi tatu kuomba aongezwe, na ya mwisho wakakuambia urudi nyumbani ukalee waliobaki. Aliyebaki nilikuwa mimi.

Sasa nikueleze kitabu kilivyokuwa. Mwandishi wake ni mwalimu wa sekondari, mtu mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye hata sisi wakubwa wenzake tulimwita Mwalimu tu. Alikuwa mjanja. Ile habari ya darajani hakuipa sura yake wala picha. Aliifinya kwenye sura inayoitwa Mji Wetu Jana na Leo, katikati ya habari za soko jipya na tangi la maji, kwa sentensi baridi zisizomlaumu mtu. Wasomaji watatu wa wizara waliipitia wasishtuke. Ikaja mezani kwangu ikiwa imeshapigwa chapa kwenye karatasi za majaribio, nami kazi yangu, kama ujuavyo, ni kupitia mstari kwa mstari kabla mashine haijawashwa.

Kwetu kuna desturi ambayo nadhani ilianzia kwenu viwandani. Kosa la chapa hutiwa kalamu nyekundu, na karatasi hurudi moja kwa moja kwa mpangaji, hakuna anayeuliza. Lakini jambo lenye shaka, tarehe au idadi au jina, hutiwa penseli pembeni pamoja na swali, na ukurasa wenye penseli hupelekwa juu. Nyekundu hurekebisha, penseli huuliza. Wewe mwenyewe ulinifundisha nikiwa nakaa chini ya meza yako nikiokota herufi zilizodondoka. Uliniambia nisirekebishe kamwe kwa nyekundu nisichoweza kukithibitisha kwa mswada. Nitarudi kwenye hili.

Ukurasa wa sabini na nne ulipelekwa juu. Mkuu wa idara yetu, yule ninayekuambiaga anakunywa maziwa mchana kutwa kwa sababu ya vidonda vya tumbo, aliitwa kwa wakubwa akakaa huko saa mbili. Aliporudi alipita mlangoni kwangu taratibu, akakaa bila kukaribishwa, akasema aya ile haifai kwa umri wa watoto. Nilimuuliza ni kipi kisichofaa, ile idadi au habari yenyewe. Akaniambia nipunguze sauti. Akasema hakuna aliyejua kwamba aya hiyo imo mpaka leo, na sasa kila mmoja huko juu anataka kujua nani aliifikisha hapa. Hakuwa na hasira. Alikuwa na hofu, na nilimwonea huruma, ana watoto wanne.

Mwalimu akaitwa. Walimwandalia karatasi ya kusaini kwamba aya iliingia kwa bahati mbaya. Naambiwa aliisoma, akaomba kalamu, wakafurahi, kumbe aliitaka ili asahihishe sarufi ya karatasi yao. Akairudisha bila saini. Wiki ile ile akasimamishwa kazi, na jina lake likatolewa kwenye jalada. Utaona mwenyewe: kitabu kimeandikwa na Jopo la Waandishi. Jopo hilo sijawahi kukutana nalo.

Ikabaki shimo la mistari tisa. Kurasa zilikuwa zimeshapangwa, na kuanza upya ingekuwa gharama, kwa hiyo ikatakiwa mistari mingine tisa ya urefu ule ule juu ya jambo lolote lisilo na madhara. Mkuu wa idara akanipa mimi. Alisema nina mkono mwepesi. Nikaandika kwamba daraja la mji wetu lina faida nyingi kwa wananchi, kwamba magari hupita katikati na waendao kwa miguu hupita pembeni, na kwamba ni wajibu wa kila mtoto kutotupa taka mtoni. Ndiyo, Baba. Utakapofungua ukurasa wa sabini na nne, mahali alipoangukia mwanao utakuta mambo ya taka, na maneno ni ya binti yako. Niliandika kwa dakika ishirini na ikakaa sawasawa, haikuzidi hata neno. Kisha nikaenda chooni nikalia mpaka msafishaji akagonga.

Siku chache baadaye Mwalimu alikuja kuchukua mswada wake. Wenzangu walimwona kwenye korido wakakumbuka wana kazi sehemu nyingine. Mimi ofisi yangu haina mlango wa pili. Akaketi, koti lake limekunjwa magotini, akanisalimia vizuri na kuniulizia hali yako, maana niliwahi kumweleza kwamba wewe ni mtu wa herufi. Akasema jambo moja tu linamnyima usingizi. Hao wa juu hakuwalaumu, maana kuona ubaya ndiyo mazoea yao. Ila kuna mtu humu ndani aliyetia penseli. Alisema aya ile ilikuwa imelala, haimsumbui mtu, na asiyeijali asingeiangalia mara mbili. Basi ni nani huyo aliyekuwa na chuki nayo kiasi hicho? Akaniuliza kama namjua.

Nilimwambia simjui. Nikamtilia chai. Alikunywa yote, akashukuru, akaondoka na mswada wake kwenye mfuko wa plastiki.

Baba, ni mimi.

Penseli ilikuwa yangu. Mwalimu aliandika kumi na mmoja, kama ilivyosemwa na serikali, kwa sababu hakuwa na idadi nyingine. Nilipofika hapo mkono ulisimama wenyewe. Niliona miaka kumi na mitatu imepita, na sasa watoto wa nchi nzima watakariri kumi na mmoja, na Haraka atabaki nje ya hesabu hata ndani ya kitabu kinachotuonea huruma. Ningetia kalamu nyekundu, nikageuza neno moja kimyakimya, karatasi ingerudi kwa mpangaji na leo ungekuwa unasoma kumi na wawili. Hakuna ambaye angejua. Lakini sikuwa na mswada wa kuthibitisha, na nilisikia sauti yako. Nikachukua penseli nikaandika pembeni, kwa adabu zote: Je, si kumi na wawili?

Nilidhani swali litakwenda kwa mwandishi. Nilisahau jinsi ngazi zetu zilivyo. Kwa kumtaka mmoja aongezwe nimewatoa wote, kumi na mmoja pamoja na wangu, na nimemwaga unga wa mtu aliyekuwa amewahifadhi vizuri kuliko mimi. Nilipoulizwa ana kwa ana nikaogopa. Nimejitetea kwa kila namna, kwamba nilifuata utaratibu, kwamba nia ilikuwa njema, kwamba mshahara wangu ndio dawa yako ya macho. Yote ni kweli na hakuna hata moja linalonipa usingizi. Sikulaumu kwa ulichonifundisha. Ulinifundisha kazi ya mahali ambapo kuuliza si kosa.

Jumatano nilikwenda kwa Mwalimu. Anakaa vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya umeme, na sasa anafundisha watoto wa jirani hesabu sebuleni. Nilimwambia nikiwa nimesimama, maana nilijua nikikaa sitasema. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza wa kumi na mbili alikuwa nani wangu. Nilipomjibu, akasema laiti ningemfuata nyumbani kabla ya kushika penseli. Hakusema amenisamehe na mimi sikuomba. Mlangoni akanipa mkono.

Kuna jambo la mwisho, na hili silisemi kujifuta machozi, kwa sababu ni dogo na huenda halitadumu. Mazoezi ya sura zote yamekusanywa mwisho wa kitabu, na chumba kinachoyapanga si chetu. Wakubwa walisoma ukurasa wa sabini na nne tu. Karatasi za mwisho zilipokuja kwangu nikakuta mazoezi ya sura ya saba, ile ya Mji Wetu Jana na Leo, hayajaguswa. Swali la nne linasema: Ni watu wangapi walipoteza maisha darajani siku ya maandamano? Sura nzima haina jibu. Na juu ya kila zoezi Mwalimu alikuwa ameweka maelekezo yale yale, kwamba jibu usilolipata kitabuni, muulize mtu mzima nyumbani.

Ulizoea kusema kosa likikupita mara moja ni macho, likikupita mara mbili ni uvivu. Hili halikunipita, Baba. Nililiona vizuri. Kalamu nyekundu ilikuwa kulia kwangu na penseli kushoto. Nikaweka mikono yote miwili mapajani, nikageuza ukurasa.

Sasa unaweza kufungua kifurushi. Usipokiweka kwenye rafu pembeni ya picha nitaelewa, na ukikaa mwezi mzima bila kuniandikia nitaelewa pia. Nisalimie Shangazi, mwambie nitamletea kitambaa cha mapazia alichoagiza, kile cha maua madogo. Wasalimie na majirani, hasa fundi cherehani na yule binti yake mwenye maswali mengi, anayekuja kuazima pasi. Nadhani mwaka huu yuko darasa la sita. Akija na daftari, akikuuliza, usimwambie arudi kwa mwalimu wake. Mwambie kumi na wawili. Akitaka kujua huyo wa kumi na mbili ni nani, mwambie jina lake kamili, lile la kwenye cheti, umtajie polepole ili apate kuliandika.

Nami nabaki kuwa binti yako,

Nukta