Natembea Tu

Nachingwea, Jumanne, mwezi wa Juni, 1952

Leo kumekuwa na ubaridi wa kipupwe tangu asubuhi, na moyo wangu mzito vilevile.

Nikitoka karakana, kichwa bado kinanguruma matrekta. Nasali alasiri, navaa makatambuga yangu, napita nyuma ya nyumba za wafanyakazi, naingia katika msitu uliosalia, ule ambao mashamba ya karanga hayajaumeza. Sifuati kuni wala kuchimba dawa. Naenda tu.

Mwanzoni mawazo yananifuata kama mbwa wa jirani. Nikifika kwenye korongo la mchanga, kifua kinaanza kulegea. Nasikia ndege, nasikia majani makavu chini ya miguu. Siku niliyotembea namaliza ugali wangu. Siku nisiyotembea nautazama mpaka unapoa. Sisemi nimepona. Nasema nakula.

Ila huku kwetu mtu mzima haendi porini mikono mitupu. Jirani yangu, Mama Sharifa, ananiuliza kila siku niendako, nami namjibu, "Natembea tu."

Mjinga mimi!

Neno hilo limefika Chinongwe. Huko ndiko aliko mke wangu Zuhura, kwa mama yake, alikokwenda kujifungua. Mtoto wetu aliishi siku nne. Nilipofika walikuwa wamekwisha kumzika. Wanaume walikuwa wananitazama, nikajikaza, sikutoa hata chozi. Zuhura aliona. Huu mwezi wa tatu hajarudi, na sasa ameambiwa mumewe anatembea. Na mwanamume anayetembea kila mtu anajua anatembea na nani.

Leo nimetoka tu karakana, mjomba wa Zuhura, Mzee Issa, amebisha hodi. Kwetu Wamwera mjomba ndiye mwenye neno juu ya mpwa wake. Akisema ndoa imekwisha, imekwisha. Nilimpa shikamoo, akaitikia kwa shida, akakataa kukaa.

"Mkwe, unatembea na nani?"

Nikacheka. Sijui kwa nini, labda aibu. Uso wake ukakunjamana. Nikaona ndoa yangu inaondoka na kicheko changu mwenyewe, nikamsihi twende akaone.

Tulikwenda, mimi mbele, yeye nyuma. Nikamwonyesha gogo ninalokaliaga. Nilitaka kumweleza kwamba hapa ndipo akili yangu inapotulia. Machozi yakaanza. Mbele ya mkwe! Nilijifuta kwa mkono wenye grisi, nikazidi kujipaka.

Mzee Issa akakaa kando yangu. Hakunibembeleza, hakunitazama. Tulikaa hivyo mpaka jua likaelekea kuzama.

"Nitamwambia mpwa wangu," akasema.

"Utamwambia nini, mjomba?"

"Kwamba humu hamna mwanamke. Na kwamba mtoto yule alikuwa na baba."

Nikainuka, nikamwongoza kurudi.

Sasa tumekwisha kusali magharibi, yeye anapumzika chumbani, nami naandika hapa barazani kabla mwanga haujaisha. Alfajiri ataondoka, apitie Ruangwa, keshokutwa awe nyumbani. Nimemwomba ampe Zuhura salamu, basi, nyingine nimeshindwa kuzitamka.

Zuhura, ukikubali kurudi, utakuja tukae wote pale kwenye gogo, tumlilie mtoto wetu?