Saa Aliyosema Baudouin

Bigo, Bunia
Tarehe 9 Septemba 2025

Mpendwa dada yangu Claudine,

Kwa heshima zote, na kwa niaba ya ukoo wote uliobaki hapa Bigo, ninatangaza rasmi ya kwamba kaka yako, mwanamume wa miaka hamsini na miwili, jana saa nne asubuhi alifaulu kumenya kiazi kizima bila kujikata kidole. Hélène alikuwepo kama shahidi. Alikiangalia kile kiazi, ambacho mikononi mwangu kilikuwa kimebaki kama punje ya hindi, akasema: «Papa, umekimenya ama umekichonga kama kalamu?» Siku ya sherehe mtajulishwa.

Haya, nimekwisha kucheka peke yangu. Sasa salamu. Mnaamkaje huko Lubumbashi? Baridi yenu imepungua? Mgongo wako unaendeleaje, na shemeji Christian bado anakoroma mpaka majirani wanafikiri kuna mashini ya kusaga? Siye huku tupo, Mungu anatulinda. Mvua inanyesha karibu kila mchana. Hélène ni mzima. Sylvie, binti yako, ni mzima. Neno hilo naliandika tena ili usipate taabu ya kurudi nyuma kulisoma: Sylvie ni mzima.

Barua yako niliipata Jumamosi na nimeisoma mara nne. Najua unangoja jibu la swali moja tu. Umeniandikia kwamba tiketi ya ndege ya Sylvie umekwisha kuinunua, ya tarehe ishirini na nane. Umeniandikia pia kwamba nikikupa neno langu, neno la kaka, ya kwamba Ijumaa ile ilikuwa shida ya mtandao wa simu tu, tiketi utairudisha na mtoto atabaki kwetu amalize masomo. Nitakujibu. Naandika kwenye karatasi badala ya kukupigia kwa sababu kwa simu ungenikatiza, na miye ningefurahi sana kukatizwa. Jirani yetu Mama Falone anapanda ndege keshokutwa, atakuletea mkononi.

Kwanza nikueleze tulivyofika hapo, maana mengine hukuyajua.

Mwezi wa tatu, unakumbuka, walituita bironi, ofisini kwa shirika. Miaka kumi na minane nilikaa katika kile chumba cha redio nikifuata magari ya shirika: hii imetoka, ile imefika, ile imekwama. Sauti za mashofa, madereva wote wale, nilizijua kuliko sauti za mashemeji zangu. Kisha wafadhili wakafunga mfuko, na watu thelathini tukapewa kila mtu barua yake na soda moja. Soda yangu haikuwa hata baridi.

Miezi miwili ya kwanza sikuwa mtu, nilikuwa kiti. Hélène alikuwa akifagia ananizunguka. Niliandika maombi ya kazi kwa kila shirika lenye kibao hapa mjini, na nadhani hata kwa moja lililokwisha kuhama. Mchana nilikaa kibarazani nikihesabu pikipiki zinazopita. Siku moja nilijisikia nikimwuliza motari mmoja wa pikipiki nisiyemjua: «Umetoka saa ngapi?» Akanihurumia, akanijibu.

Sasa sikiliza mambo ya Mungu. Mwezi wa tano, kamio ya dereva Patou, lori lililokuwa likileta viazi kutoka Kpandroma, ilichelewa siku nzima. Hélène na wenzake wanaouza viazi kwenye soko la Nyakasanza walijaa katika ua wetu, kila mmoja na woga wake, maana njia ile unaijua: siku zingine ni matope, siku zingine ni watu wenye bunduki. Mama Adèle, unajua ulimi wake, akanigeukia.

«Muzee Grégoire, weye ulikuwa unasema na magari ya wazungu usiku na mchana. Sema basi na yetu. Ama yetu haina masikio?»

Wakacheka. Nilichukua simu ili waache kucheka tu, si kwa akili. Nilimpigia katekista Jérôme wa ile parokia iliyo katikati ya njia. Nikampigia Baudouin, yule kwado anayeziba mipira ya magari karibu na daraja la mbao, ukishapita parokia kuja Bunia. Wote wawili nilikuwa nimewafahamu tangu enzi za shirika. Kwa dakika kumi nilijua: kamio imezama kwenye matope kabla ya parokia, watu wanachimba, hakuna aliyeumia, itaingia kesho mchana. Na kesho yake mchana iliingia. Claudine, wale mama waliniangalia kama nimeivuta kwa kamba.

Ndivyo ilivyoanza. Leo ni mama kumi na mmoja na kamio tatu. Kila mama anatoa kitu kidogo kwa juma, pamoja na viazi, na ndiyo sababu nimelazimika kujifunza kumenya. Chini ya paa la nyuma nimeweka meza, simu mbili na ubao mweusi wa shule. Kamio ikifika parokia inasimama. Miye namtafuta Baudouin. Baudouin akisema kwa mdomo wake kwamba njia ni wazi, naandika ubaoni habari yake na saa aliyoisema, ndipo kamio inatoka. Habari bila saa haiandikwi. Hiyo ni sheria ya chumba cha redio, maana njia iliyokuwa wazi saa tatu inaweza kuwa kaburi saa tano.

Sylvie aliijua sheria hiyo kabla ya Hélène. Akitoka masomoni anakaa mezani kwangu, na mwandiko wake ubaoni ni mzuri kuliko wangu. Yeye ndiye aliyesema tuwaulize mama wa njia ya Mahagi kama wanataka na wao, na wamekubali. Nikikuambia kwamba tangu mwezi wa sita naamka asubuhi nikiimba, usidhani najipa moyo. Muulize Hélène, anasema anakikumbuka kile kiti.

Tatizo la kaka yako ni kwamba alikuwa na kazi mkononi na hakuamini kwamba ni kazi. Kazi kwangu ilikuwa mlango wa chuma, beji kifuani na gari linalokuja kukuchukua nyumbani. Kwa hiyo shirika jingine liliponiita kwa mahojiano, opereta wa redio, mkataba wa miezi sita, Ijumaa tarehe 29 Agosti saa nane mchana, nilitoa suti ya ndoa yangu. Iliniingia nusu.

Ijumaa hiyo hiyo Sylvie alikuwa njiani na Patou. Ilikuwa likizo, alikwenda Kpandroma kuwaona watu wetu wa simu uso kwa uso. Miye ndiye niliyemruhusu.

Habari uliyoipata ni ile aliyoipata kila mtu: mtandao ulianguka, kamio ikalala parokia, kesho yake ikaingia salama na viazi vyote. Mama wa soko wananiita muzee mwenye akili, ati nilisimamisha kamio kabla ya hatari. Mama Adèle ameniletea kuku. Yuko hapa uani, hatujamchinja, kila asubuhi ananiangalia.

Shirika lile nalo lilinipigia Alhamisi iliyopita. Wamenichukua. Nimewaambia hapana. Hélène alinishika kipaji cha uso kuona kama nina homa. Usinisifu, sababu utaiona.

Sasa nisalimie shemeji Christian. Nisalimie Fifi, umwambie mjomba wake hajasahau ile ahadi ya viatu. Nisalimie mama mkwe wako na Jean-Claude, na yule jirani yenu wa Mahagi aliyenipa sombe nzuri mwaka ule. Msalimie na mbwa, kama bado anaishi.

Sina tena wa kusalimia.

Claudine, haikuwa mtandao.

Saa nane kasoro dakika ishirini Sylvie alinipigia kutoka parokia. Nilikuwa nimesimama mbele ya kioo, tai shingoni, motari ananingoja nje. Baudouin nilikuwa nimempigia mara mbili, simu ikaita, hakuna jibu. Siku nyingine yoyote ningesema: kaeni hapo. Lakini kusema «kaeni hapo» maana yake ni kukaa na simu wazi, kupiga tena, kutafuta mtu mwingine, na miye nilikuwa nataka kwenda kuombwa radhi na dunia. Nilimwambia mtoto wako: «Baudouin amesema njia ni wazi, njooni.» Nikaandika ubaoni «wazi». Yeye akauliza: «Saa ngapi amesema, mujomba?» Nikakata. Nikazima simu zote mbili kwa kidole changu mwenyewe, nikapanda pikipiki.

Kule ndani walikuwa watu watatu, wenye heshima sana. Mmoja akaniuliza nafanya nini gari likinyamaza njiani. Claudine, nilijibu dakika kumi. Nilijibu vizuri mpaka wakaacha kuandika, wakawa wananitazama tu. Simu zilikuwa mfukoni, zimezimwa, nazisikia zimenilalia pajani.

Nilitoka saa kumi. Sikuziwasha hata hapo. Nilinunua soda kwanza, baridi, nikainywa yote nimesimama kwenye kivuli. Nilipoziwasha, wa kwanza kunipata alikuwa Hélène: «Kamio moja imechomwa penye daraja. Haijulikani ni ya nani.»

Sijui nilifikaje nyumbani. Mama wote walikuwa uani. Hapo ndipo mtandao wa parokia ulikuwa umeanguka kweli, na miye nimeupakia dhambi zangu zote tangu siku hiyo. Ubao ulikuwa unanitazama: «wazi», mwandiko wangu, bila saa. Nikaufuta kwa mkono wa koti kabla Hélène hajageuka. Chaki imekataa kutoka kwenye suti ile.

Tulingoja kwa muda wa karibu saa mbili. Mtandao ukarudi, simu ikaita saa kumi na mbili kasoro. Nikasikia sauti ya binti yako: «Mujomba, ni saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Tuko parokia, watu wote wazima. Andika.» Nikaandika. Nilianza na saa.

Yaliyotokea huko nimeyapata kwa Patou. Alikuwa amekwisha kuwasha mashini.

«Mujomba wako amesema njia iko wazi. Tuende!»

«Amesema, lakini saa hakusema. Nimemupigia tena, amezima.»

«Mutoto ya masomo, weye unajua hii njia kuliko miye?»

«Miye siijui, njo maana nauliza saa.»

Kisha Sylvie akashuka, akaweka mkoba wake chini mbele ya gurudumu, akaukalia. Patou alipiga honi mpaka katekista akatoka kuuliza kama kuna arusi. Kamio nyingine ikawapita, vijana waliokaa juu ya magunia wakiwazomea: «Bunia iko huku, mumepotea?» Ni hiyo iliyochomwa. Kijana mmoja alipigwa risasi mkononi, yuko hospitalini, anaanza kukunja vidole. Nakwenda kumwona kila siku baada ya saa sita, naye anafikiri mimi ni mtu mwema. Baudouin alikuwa amekimbilia porini tangu saa saba, simu yake imebaki juu ya benchi la kazi. Mara zangu mbili iliita pale, peke yake.

Hélène nimemwambia asubuhi ya leo. Naandika haya sijapewa chai. Mama wa soko nitawaambia kesho, na kuku atarudi kwa mwenyewe.

Sylvie hajaniuliza tena ile saa. Lakini tangu siku hiyo, kabla kamio yoyote haijatoka, anasimama nyuma ya kiti changu na chaki mkononi mpaka niseme. Hataki kuja Lubumbashi, ameniomba nikuandikie hivyo. Neno ulilolitaka kwangu siwezi kukupa. Tiketi iko kwako na mtoto ni wako. Ninachokuomba ni kimoja: ukimpigia, usimwulize kuhusu mtandao. Mwambie: «Mjomba wako amejibu lile swali lako la saa. Baudouin hakusema kitu, saa yoyote.»

Mungu akulinde na wote walio chini ya paa lako, na akupe usingizi mzuri baada ya kusoma haya, hata kama miye hautanifikia upesi.

Ni miye yaya wako, kaka yako mkubwa, nikupendaye na mwenye haya,
Grégoire