Kikombe cha Tabibu Filipo

Jumamosi, 29 Juni 2024

Nimerudi kutoka Kaoze, kule bondeni. Nilikwenda kumjulia hali shemeji Marsiana, dada mkubwa wa marehemu mke wangu Monika. Kanifungia mchele wa bondeni, mgongo ndio unaojua uzito wake.

Gari liliharibika kabla halijamaliza mlima. Wenzangu walikaa kivulini kumlaumu dereva. Mimi nikapanda kwa miguu – miaka sitini na mbili! Kila kona nilijiambia: Aleksanda Mkuu alivusha jeshi zima kwenye theluji, wewe Teodori una furushi la mchele tu. Juu nikakuta kijito. Jasho linanitiririka. Nikakumbuka yeye alivyojitupa mto Kidno akiwa na joto la safari. Nikavua shati, nikaingia. Maji ya Ufipa, mwezi wa sita! Nilitoka meno yanagongana, nacheka peke yangu.

Nilisahau kwamba yeye yale maji yalimlaza kitandani. Zenon ndiye aliyenikumbusha jioni. Fundi baiskeli, mwenzangu wa drafti, na mtu pekee hapa Katandala, Sumbawanga, anayevumilia kunisikiliza tangu nilipokipata sokoni kile kitabu cha Aleksanda kisicho na jalada, miaka kumi na moja sasa. Namwita Parmenio, kwa jina la jemadari mzee wa Aleksanda. Jina analipenda. Leo amenitazama akasema nina rangi mbaya. Nikamwambia anywe chai yake.

Jumatatu, 1 Julai

Homa. Kifua kizito. Zahanati wamesema ni mapafu, wamenipa sindano na vidonge. Victoria wa duka la jirani amepiga simu Kaoze. Sikumtuma.

Jumatano, 3 Julai

Marsiana alifika jana na kikapu cha mizizi. Sauti yangu imekwenda kabisa, naongea kwa mikono. Daktari alisema vidonge nivimalize. Marsiana naye anasema nivimalize, na kikombe chake ninywe pia, asubuhi na mchana. Kichungu mno. Baada yake napumua vizuri kidogo.

Dirisha langu linatazama duka la Victoria. Akipita Marsiana na ndoo, maongezi yanakatika. Macho yake ni mekundu, wao wanayaita ya mchawi, kumbe ni moshi wa kuni wa miaka yote hiyo. Halafu yeye ndiye aliyemuuguza Monika mpaka mwisho. Watu wanakumbuka ule mwisho. Miezi saba ya kumgeuza kitandani hakuna anayeikumbuka.

Alhamisi, 4 Julai

Barua. Imepitishwa chini ya mlango, karatasi ya daftari imekunjwa mara nne. Nainakili:

"Aliyemmaliza mkeo ndiye anayekupikia. Usinywe. Mrudishe kwao kabla watu hawajamrudisha wao."

Haina jina. Lakini nilikaa kaunta ya posta miaka thelathini na moja. Barua hukosa jina, mwandiko haukosi mwenyewe. Hii k yenye mkia mrefu nimeiona kwenye kila karatasi aliyowahi kuniandikia. Zenon.

Zenon si adui yangu, na hilo ndilo linaloniuma. Parmenio naye hakuwa adui. Aleksanda akiwa hoi kwa homa, tabibu wake Filipo anamkorogea dawa, ikaja barua ya Parmenio: usinywe, Filipo amehongwa akuue. Aleksanda akaificha chini ya mto wa kulalia. Filipo alipoleta kikombe, akampa barua aisome, na yeye mwenyewe akanywa, anamtazama usoni, mpaka tone la mwisho. Akapona. Hadithi hii nimemsimulia Zenon mara ngapi? Ishirini? Labda ndiyo iliyompa wazo.

Niandike ukweli, hapa hakuna msomaji. Leo mchana Marsiana alipoleta kikombe, nilimwonyesha kwa ishara kwamba nitakunywa baadaye. Alipotoka nikakimwaga dirishani. Nilimwogopa. Mwanamke aliyemfunga sanda mke wangu, nilimwogopa kwa sababu ya mistari miwili.

Nina aibu. Kesho nitafanya kama alivyofanya Aleksanda.

Ijumaa, 5 Julai

Ee Mungu wangu, nimefanya nini.

Asubuhi ameleta kikombe. Nimeitoa barua chini ya mto, nimempa, nikaanza kunywa. Namtazama usoni. Nimekunywa mpaka chini. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Nikajisemea, tazama, ndivyo anavyokuwa mtu asiye na hatia! Moyo ulijaa. Nilijiona niko kwenye hema, majemadari wamenizunguka.

Kisha akaigeuza karatasi upande wa pili. Akauliza, "Inatoka kwa nani, shemeji? Kuna msiba?"

Marsiana hajui kusoma. Miaka ishirini nimemwandikia barua zake mimi, pale pale kaunta, yeye anasema na mimi naandika. Hakuna mtu duniani anayelijua hilo kuliko mimi. Nilikuwa nimeshughulika kuwa Aleksanda.

Nikanyoosha mkono aniachie. Sauti haitoki. Nikapiga kitanda, nikatikisa kichwa. Akaona machozi yangu akadhani ni habari nzito nisiyoweza kuitamka. Kwake yeye barua ni kifo, siku zote imekuwa hivyo. Akatupa khanga begani akaenda nayo kwa Victoria.

Nimemsikia Victoria akisoma. Ndiye msomaji wa masomo kanisani, sauti yake inafika mbali. Alimaliza kusoma kabla hajaelewa anachokisoma. Dukani walikuwapo watu wanne, labda watano.

Marsiana amerudi na karatasi. Ameiweka mezani, akafunika sufuria, akasema uji unapoa. Nimekula uji.

Jumamosi, 6 Julai

Marsiana ameenda bombani kwa jirani, amekuta kufuli. Bomba lile halijawahi kufungwa. Amechota mtoni, mbali.

Homa imeshuka. Natamani ningefurahi.

Jumatatu, 8 Julai

Naweza kukaa, na sauti ya kunong'ona imerudi. Zenon amekuja. Hakuketi.

"Sikuandika ile itoke nje," amesema. "Niliandika usome wewe peke yako."

Nikamnong'oneza kwamba nilikunywa na nimepona, kama Aleksanda.

"Yule hakuwa anaishi Sumbawanga, Teodori."

Kisha akasema kilichomleta. Wazee kadhaa wameita kamchape, waje Jumatano. Nawakumbuka tangu nikiwa mtoto: wanaingia nyumba hadi nyumba kutafuta wachawi, wanachanja watu chale, wananywesha watu dawa yao. Anayeanguka baada ya kuinywa, wanasema amejitaja. Anayekataa, hivyo hivyo. Marsiana ana miaka sabini na mbili. Bibi mmoja njia ya Matai alianguka mwaka juzi. Hakuinuka, hawakumwacha ainuke.

"Ukiwa umesimama siku hiyo, mzima, nitakuwa wa kwanza kusema nilikosea," Zenon amesema. "Nitasema mbele ya wote. Lakini ukiwa umelala –" Analia, huyu rafiki yangu. Anaamini kabisa kwamba ananiokoa.

Nimeandika barua kwa polisi. Miguu haijaweza kwenda, nimempa Victoria aipeleke. Ameitia kwenye droo ya duka. Maisha yangu yote barua za watu nilizifikisha. Leo sijui yangu iko wapi.

Nimemwambia Marsiana ashuke Kaoze kesho alfajiri. Amejibu akiwa anachambua maharage, "Nikikimbia nitakuwa nimewajibu, shemeji. Na huko Kaoze habari zimefika kabla yangu."

Jumanne, 9 Julai

Homa imerudi. Baada ya chakula cha mchana, ghafla, na kile kibaridi cha mgongoni. Vidonge vimekwisha jana.

Sijamwambia Marsiana. Nimekula ugali wote mbele yake, nikasifu maharage, kisha nikaenda kutapika nyuma ya choo. Nimepita mbele ya duka nimenyoosha mgongo, nikamsalimia kila mtu kwa jina. Waliitikia. Walikuwa wananikagua kama ng'ombe wa mnadani.

Aleksanda aliwahi kupigwa mshale wa kifuani huko India, jeshi likadhani amekufa. Walimbeba, na yeye kwa nguvu zake akapanda farasi wamwone. Nimekuwa nikiipenda sana sehemu hiyo. Sikuwahi kujiuliza alikuwa anasikia maumivu kiasi gani juu ya yule farasi.

Jumatano, 10 Julai

Saa tatu asubuhi. Nimevaa suti ya kustaafu. Inapwaya. Nimekaa sebuleni karibu na mlango, nikisikia hodi nisimame kwa mkupuo mmoja.

Filimbi za kamchape zinatoka upande wa barabara kuu. Wameanzia juu, nyumba ya kwanza, ya pili. Polisi hawajaonekana. Victoria hajafungua duka.

Marsiana amefagia uwanja. Amekoroga kikombe changu amekiweka mezani, leo ni cha mwisho, amesema. Kisha ameketi mbele yangu, mikono mapajani, kama zamani ng'ambo ya kaunta.

"Niandikie kwa Gaudiosa," amesema. Ni binti yake, yuko Kaoze.

Nimechana ukurasa wa nyuma wa daftari hili. Amesema: Mwambie mpunga uliobaki auanike, usioze. Mwambie ile khanga mpya ni yake, asingoje. Mwambie shemeji amepona, nimemwona kwa macho yangu amesimama.

Nimeandika "amepona". Herufi zimepinda zimeshuka mstari. Miaka thelathini na moja sikuwahi kupindisha mstari. Hajui kusoma, lakini mwandiko wangu anaujua, ameutazama miaka ishirini. Ameuangalia, akaangalia mkono wangu.

"Ni woga huo, shemeji, au ni homa?"

Nimejifanya naendelea kuandika, ndiyo haya ninayoyaandika. Filimbi zimenyamaza. Wako nje ya duka la Victoria, nasikia sauti ya Zenon. Marsiana ameinuka. Ameweka kiganja kwenye paji la uso wangu, na hajakiondoa.