Bango la Kifo cha Pate

Jumatatu, 16 Juni
Tumbaku imeshika. Nimemsaidia Mama kumwagilia kabla ya kwenda kufundisha. Shamba letu limo ndani ya magofu ya Pate, kwenye ukumbi wa nyumba ya mawe isiyo na dari tena. Kuta zinakinga upepo. Miche inapenda hapo.
Jioni Bwana Mutiso, mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Nairobi, amenipa kazi: nitafsiri kwa Kiswahili maandishi ya bango analotaka kulisimamisha magofuni. Mwalimu wa historia, nani mwingine?

Jumanne, 17 Juni
Bango linasema ustaarabu ni kama mtu. Huzaliwa, hupata nguvu, huzeeka, hufa. Mji wa Pate ulikwisha kufa. Kwa hiyo magofu yazungushiwe seng'enge na wakulima watoke.
Nimelisoma mara tatu. Mama ana miaka sabini na hajui shamba jingine. Nikamweleza kwamba bango linasema mji wetu umekufa.
"Mui umekufa?" akauliza. "Kwani mimi nalima kaburini?"
Akarudi jikoni. Mimi ndiye niliyeshindwa kula.

Alhamisi, 19 Juni
Hasira. Wala si kwa Mutiso peke yake. Miaka kumi na miwili nawafundisha watoto wa Pate sababu tano za kuanguka kwa Pate. Wakizitaja zote, nawapa alama zote. Kikulacho ki nguoni mwako.
Masultani walikwisha, sawa. Biashara ilihama, sawa. Lakini mawe ya majumba yao ndiyo yaliyojenga nyumba tunazolala. Nadharia hii ya bango inawatazama wafalme tu. Mfalme akiondoka, inafunga kitabu na kwenda zake. Mwenye jembe haimwoni.
Sitafsiri.

Jumamosi, 21 Juni
Baraza baada ya Alasiri. Mutiso ni mpole, ana adabu, na hilo liliniudhi zaidi. Alieleza vizuri mzunguko wake wa kuzaliwa na kufa. Chifu akaniambia nilisome bango kwa Kiswahili.
Nikasimama mikono mitupu. Nikasema sikuandika. Siwezi kuandika kwa mkono wangu kwamba mama yangu hayupo.
"Mwalimu, nadharia haizungumzii watu walioko leo," akasema Mutiso.
"Basi haizungumzii Pate."
Wazee wakaikataa seng'enge. Mutiso akasema atarudi na barua ya serikali. Na arudi. Mwalimu mkuu ameninunia, ataka wageni wa magofu wafike na shuleni. Na anune.

Jumatano, 25 Juni
Nguzo za seng'enge alizoleta Mutiso bado ziko Mtangawanda, zinaposhusha mashua za kisiwa chetu, zimelazwa gatini. Hazijaja, hazijaondoka. Sijui barua itasema nini.
Mvua ndogo asubuhi. Mama alitangulia shambani.
Darasani nimeandika ubaoni mada ya leo kama kitabu kinavyotaka: Kuanguka kwa Pate. Kisha nikauliza nani alilala Pate usiku wa jana. Wakacheka kwanza. Halafu mikono ikainuka, yote thelathini na mmoja. Nikaihesabu. Nikawaambia waishushe.