Mwamba Usiolia

Mjukuu wangu Nekesa,

Jana fundi Kioko, anayekuchimbia mashimo, aliniambia kwamba shamba lako la Uthiru lina mwamba chini, na avokado hazitaishi hapo. Sisi ni wazima. Nyanya yako anakusalimu. Umeuliza kama uuze ile miche.

Miaka ya hamsini nilikuwa kibarua Muthangari, nikichimba mashimo ya miti. Nilipita changarawe, kisha jembe likagonga kitu kigumu. Nikaliweka chini, nikasema nimefika mwamba.

Mutua, kibarua mwenzangu kutoka Machakos, alicheka. "Nyinyi wa magharibi mwa Kenya mmezoea kulima udongo laini kama uji. Chukua mtaimbo, upige usikilize. Jiwe hulia. Hilo lako limenyamaza, ni udongo ulioshikana tu."

Tulipiga mpaka adhuhuri. Tabaka lile lilikuwa na unene wa mkono mmoja, na chini yake udongo ulikuwa mwororo. Katika mashimo ambayo sikutoboa tabaka hilo, maji ya mvua yalituama, na miti yake ikaoza mizizi. Yale mengine yalimea.

Nilimuuliza Kioko alichimba kwa kifaa gani. Alisema kwa jembe. Jumamosi saa mbili asubuhi tutakwenda naye na mtaimbo, kwa hivyo miche usiiuze kabla ya hapo.

Babu yako