Blada Niliyomfunga Baba Katee

Mpendwa Mama Elsie,

Naomba msaada wako, tena wa haraka, kwa sababu Jumapili ya mwisho ya mwezi huu mume wangu atasimama kanisani kunishukuru mbele ya watu wote kwa kitu kile kile kilichomfanya akatwe mguu, na anayejua hivyo ni mimi peke yangu.

Baba Katee ni fundi wa baiskeli hapa Kitengela, tulihamia hapa kutoka Makueni mwaka wa tisini na mbili, na mwaka jana zile mvua za El Niño zilipoanza kuwatoa nyoka mashimoni alienda asubuhi kuinua bati lililoanguka nyuma ya nyumba, moma akamuuma juu kidogo ya kifundo, nami nikakumbuka tulivyofundishwa shuleni kwamba sumu huzuiwa isipande moyoni, nikachukua blada, ule mpira anaoukata kutoka kwa tyubu za zamani ili watu wafungie mizigo kwenye keria, nikamzungushia chini ya goti mara nne nikivuta kwa nguvu zangu zote, kisha nikampandisha kwenye keria ya baiskeli nikamsukuma katika matope hadi barabara ya Namanga, mimi na mimba ya miezi mitano.

Lori la ng'ombe lililokuwa likirudi tupu Bisil likatubeba, lakini mbele maji yalikuwa yamefunika daraja, tukangoja yapungue, na katika kungoja huko akaacha kulia, akaniambia, "Mama Katee, hata sisikii uchungu tena, iko sawa sasa," nikamshukuru Mungu, nikajua blada inafanya kazi, nikaikaza zaidi. Aliumwa saa mbili asubuhi na tulifika hospitalini Kajiado saa tisa alasiri.

Walimtibu sumu ile, akaokoka, lakini mguu ulikuwa baridi kama si wake, vidole vikageuka rangi ya zambarau, halafu vikawa vyeusi na vikaanza kutoa harufu, na daktari akaniita kando akasema, "Hii ni gangrini, mama. Nyama imekufa. Sumu imeharibu, lakini huu mpira ndio ulimaliza. Ni nani alifunga?" Nikamjibu, "Ni watu tu wa njiani, daktari." Ndivyo nilivyosema, Mama Elsie, Mungu anisamehe. Wakamkata chini ya goti.

Sasa yuko nyumbani, anatembea kwa magongo na amerudi kuziba pancha, mtoto amezaliwa salama, na yeye hana neno lingine ila shukrani. Kila mteja anaambiwa, "Kama si bibi yangu kunifunga blada, saa hii mngekuwa mmenizika." Uji hanywi mpaka mimi nimekunywa. Ameshakata blada akawapa watu tisa waweke mlangoni kwa sababu ya nyoka, na ameandaa beseni nzima ya kupeleka kanisani siku ya shukrani, kila nyumba ichukue moja. Nikimwambia, nahisi nitakuwa nimemkata mara ya pili, na naogopa hatanitazama tena hivyo anavyonitazama. Nikinyamaza, nalala kitandani na mtu anayenishukuru bure. Nifanye nini?

Mama Katee, Kitengela


MAMA ELSIE ANAJIBU

Mama Katee, jibu hili nimelituma kwanza kwa posta, kwenye sanduku uliloandika nyuma ya bahasha. Gazeti litangoja, beseni haitangoja.

Pole sana, mama. Kumsukuma mwanamume mzima kwenye matope ya mwaka ule ukiwa na mimba si mchezo, na nimesoma mstari huo mara tatu. Lakini pole yangu inaishia hapo kwanza, maana nimekukasirikia. Sikukasirikii kwa kufunga. Nimekukasirikia kwa ile "watu wa njiani", na kwa kutazama mumeo akikata blada moja baada ya nyingine huku umefunga mdomo. Ulipofunga mguu hukujua. Sasa unajua, na watu tisa wana kamba zile milangoni mwao.

Elewa vizuri kilichotokea, ili umweleze bila kubabaika. Nyama ya mwili huishi kwa damu. Damu isipofika, nyama hufa, na huko kufa ndiko kunakoitwa gangrini. Haina uchawi wala laana, na hukumwambukiza wewe. Inaweza kuletwa na kamba iliyokazwa, na kidonda kwenye mguu wa mtu mwenye ugonjwa wa sukari, hata na mfupa uliovunjika ukafungwa mbao kwa kubana mno. Mguu huwa baridi, hubadilika rangi, huingia ganzi. Na hapo ndipo wengi hudanganyika kama nyinyi mlivyodanganyika ndani ya lori: uchungu ukiisha ghafla kwenye mguu uliofungwa, usishangilie, huenda mguu unakufa. Nyama iliyokufa haifufuki kwa dawa wala kwa kukandwa. Hukatwa ili uozo usiingie kwenye damu ukamuua mtu mzima. Daktari hakumwibia mumeo mguu, alimwachia uhai.

Aliyeumwa na nyoka hafungwi kamba, hachanjwi, hanyonywi sumu. Mvue kiatu na bangili, mtulize, mguu usitikisike, mkimbize hospitali. Ukimkuta ameshafungwa kwa kubana, usifungue mwenyewe njiani, mwambie mhudumu pale mlangoni kabla hata ya kutaja jina.

Nami nina langu la kuungama. Nilifundisha darasa la sita miaka kumi na minne kabla ya kuja gazetini. Kila mwaka nilichora ule mguu ubaoni, nikachora kamba juu ya jeraha, nikawaambia watoto, "Kazeni sana." Huenda aliyekufundisha wewe alikuwa na ubao kama wangu. Nimeona haya kukuandikia hili, lakini singeweza kukukemea wewe nikajiacha mimi.

Sasa fanya hivi. Mwambie mwenyewe leo, mchana, akiwa ameketi, kabla mtu mwingine hajamwambia. Usianze na machozi. Anza na blada, kisha daktari, kisha uongo wako. Ukimaliza, nyamaza, umwache akasirike kama anataka, ana haki. Halafu mwombe kwamba mtu mmoja tu asikose kushukuriwa: yule mwanamke aliyesukuma baiskeli. Huyo ndiye aliyemwokoa, na huo si uongo. Na beseni isitoke nyumbani.


BARUA YA PILI

Mama Elsie, nilimwambia. Aliweka kikombe cha chai chini. Kisha akauliza, "Kwa hivyo ulinisukuma mpaka barabara ukiwa na huyu mtoto tumboni?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi nitashukuru hiyo." Siku ya tatu akanywa uji wake bila kuningoja, nikalia, naye akacheka, akasukuma kikombe upande wangu.

Kanisani alisimama kwa magongo akaonyesha watu kipande cha mguu kilichobaki, akawaeleza wasimfunge mtu yeyote. Zile blada za kwenye beseni anafungia mizigo ya wateja. Kisha akaanza kuzunguka kutafuta zile tisa. Nane zimerudi. Ya tisa alimpa mwanamume mmoja aliyekuwa akienda Illasit kwa baiskeli nyekundu, aliyesimama hapa kuweka gurudumu pumzi, na hakumwuliza jina.

Amesema uchapishe barua hizi na uache kila kitu kama kilivyo, kwa sababu ya mtu huyo. Ndugu wa baiskeli nyekundu, kama unasoma hapa, Baba Katee anakusalimu. Anakuomba hiyo blada ufungie mzigo tu.